Jalada Lililokosa Kitabu Chake

Bhowanipur, Kalkuta
11 Agosti 1986

Mdogo wangu Minu,

Pokea baraka zangu, wewe na mwanao Tukun na mkewe. Sisi hapa ni wazima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima Kalkuta mwezi wa Agosti. Wifi yako Latika analalamikia goti, mimi nalalamikia tumbo, na wote wawili tunamlalamikia jirani wa juu aliyenunua redio mpya. Daktari wa homiopathi amenibadilishia vidonge. Vya zamani vilikuwa vyeupe na havikusaidia. Hivi vipya navyo ni vyeupe. Samaki wa ilish wameingia sokoni, lakini wamekonda kama wanafunzi wakati wa mitihani.

Sasa habari yenyewe. Nimekuwa jaji. Usicheke.

Unamkumbuka Daktari Pakrashi, yule anayening'oa meno? Kumbe ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya wasomaji wa riwaya za nyota na majini. Kila mwaka wanatoa zawadi kwa jalada zuri kuliko yote: si kitabu, jalada tu, ile picha ya mbele. Juzi niko kwenye kiti chake, mdomo wazi, koleo limeshika gego langu, akaniambia, "Mzee Anadi, wewe umechora ramani za serikali miaka thelathini na minne. Jicho lako halidanganyiki. Utakubali kuwa jaji wetu wa tatu?" Nikasema, "Aaaa." Akaandika kwamba nimekubali.

Jaji wa pili ni Profesa Lahiri anayefundisha uchoraji, mtu mrefu anayefumba macho kila anapotaka kuangalia kitu. Vitabu ni kumi na vinne. Wenzangu wanasema mtu atazame picha tu atoe alama. Mimi nimekataa. Jalada ni ramani ya kitabu. Ramani ikionyesha kisima pasipo na kisima, kuna mtu atakwenda huko na ndoo. Kwa hiyo nitasoma vyote kumi na vinne, penseli mkononi, nione kama mchoraji amesema kweli. Zawadi itatolewa mwezi wa pili, kwenye maonyesho ya vitabu.

Latika anasema nimepata kichaa cha kustaafu. Wewe unasemaje?

Kaka yako,
Anadi


Koch Bihar
30 Agosti 1986

Kaka mpendwa,

Naigusa miguu yako na ya wifi kwa heshima. Barua yako imefika baada ya siku kumi na sita, imelowa, na stempu imebandukia kwenye barua ya mtu mwingine. Mto Torsha umepanda. Maji yalifika ngazi ya pili ya veranda yetu, yakatazama ndani, yakaondoka. Tukun yuko salama, anakusalimu mjomba wake. Mkewe Shefali ameanza kujifunza kinanda cha mkono, na mwalimu wake anakuja mara tatu kwa wiki, kwa hiyo nawe usinisimulie habari za redio.

Nilicheka sana, kaka, nisamehe. Wewe! Wewe uliyekuwa ukitutoa nje kila bibi alipoanza hadithi za mashetani, ukisema "zinaharibu akili"! Leo unahesabu pembe za mashetani kwa penseli. Mwambie wifi si kichaa, ni deni la utotoni umeanza kulilipa.

Lakini nawaonea huruma hao wachoraji. Mtu anachora joka kwa raha zake, hajui kwamba huko Bhowanipur kuna mzee mwenye rula.

Hapa hakuna jipya. Napika, nafua, natazama mvua. Mafenesi yamekwisha.

Je, Samaddar, yule mchapishaji wa mtaa wa vitabu, ameleta kitabu mwaka huu? Nauliza tu.

Wako,
Minu


Kalkuta
19 Septemba 1986

Mdogo wangu Minu,

Baraka nyingi kwenu. Goti la Latika limepata nafuu, tumbo langu halijapata. Umeme unakatika kila siku saa kumi na moja jioni, na hapo ndipo redio ya jirani inaponyamaza, kwa hiyo nimeanza kuipenda serikali.

Nimemaliza kusoma vitabu vyote. Minu, dunia imeharibika.

Cha kwanza: dubwana la mikono minane kwenye jalada. Ndani ya kitabu lilikuwa na minane, kweli, lakini mmoja ulikatwa ukurasa wa arobaini, na jalada linaonyesha vita vya ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Nimekata alama. Cha nne: bibi harusi anaelea kati ya nyota na sari yake nyekundu, hana hata kofia ya hewa, wakati mwandishi mwenyewe amesema mara tatu kwamba huko hakuna hewa. Angekufa kabla hajamaliza kuzungusha pindo. Nimekata alama nyingi.

Ndani ya kikao ni vurugu. Pakrashi hatazami kitu ila meno. Joka fulani zuri kabisa amelikataa: "Hebu ona haya, ni meno ya ng'ombe! Joka hili linakula majani!" Anayempenda ni papa wa anga mwenye safu nne za meno. Profesa Lahiri naye amependa jalada jeusi tupu, halina hata mstari. Alifumba macho mbele yake dakika tano nzima, akasema, "Ukimya wa namna hii sijauona tangu nilipokuwa Paris." Pakrashi akamjibu, "Profesa, ungekuwa umelala tungekuamsha vipi?"

Kisha kuna kitabu cha kumi na tatu. Ndiyo, ni cha huyo Samaddar wako. Kinaitwa *Maangamizi Kutoka Sayari ya Chuma*, mwandishi Brajen Talukdar, yule anayetoa vitabu vinne kwa mwaka.

Jalada linaonyesha mwanamke anavuka mto mkubwa uliokauka. Mgongoni amebeba nyumba. Si mzigo, si kibanda. Nyumba nzima, na moshi unatoka jikoni kama chakula kinaendelea kupikwa. Angani kuna miezi miwili. Veranda ina nguzo tatu za matofali, na ya nne ni gogo la mpopoo.

Niliitazama muda kidogo. Miwani yangu inahitaji kubadilishwa.

Nikasoma kitabu. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, vita vinane. Hakuna mto. Hakuna nyumba. Mwanamke ni mmoja tu, roboti anayeitwa Rani, naye analipuliwa ukurasa wa tisa. Jalada hili ni uongo mtupu kuliko yote kumi na manne! Nikaliandikia sifuri. Nikafuta. Nikaandika tena sifuri. Sasa karatasi ina tundu mahali pa alama.

Niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kaka yako,
Anadi


Kalkuta
18 Oktoba 1986

Minu,

Baraka za sikukuu ya Bijoya. Sanamu ya mungu wa kike tumeizamisha mtoni salama, tumekumbatiana na majirani wote, hata wa juu. Latika ametengeneza peremende za nazi na kulia kwamba hakuna wa kumsifu, kwa sababu mwaka huu hata kadi yako haijafika. Miaka thelathini hujakosa barua ya Bijoya. Nimeuliza posta, wanasema reli ya kaskazini iko sawa tangu tarehe tano.

Je, unaumwa? Au Tukun? Au nimesema neno?

Kikao kimekwama. Kila mmoja ana jalada lake. Mimi sina.

Anadi


Koch Bihar
2 Novemba 1986

Kaka mpendwa,

Pokea heshima za Bijoya zilizochelewa, na wifi apokee pia. Siumwi. Tukun haumwi. Kalamu ilikwisha wino, halafu duka lilifungwa kwa sikukuu, halafu Shefali akawa na tamasha la kinanda. Ni mambo kama hayo tu.

Kuhusu lile jalada, sina la kusema, mimi najua nini kuhusu majalada. Ila kwa udadisi tu: mlango wa jikoni kwenye picha umechorwa upande gani, kushoto au kulia? Na nyuma ya nyumba kuna kamba ya nguo? Kama ipo, imeanikwa nini? Na huyo mwanamke, ana umri gani usoni? Naomba usiniambie kwamba wamemchora msichana.

Nani amelichora? Andika jina lake kamili.

Mpe zawadi au usimpe, shauri yenu nyinyi majaji.

Wako,
Minu

Peremende za wifi zimefika zikiwa unga. Tumekula kwa kijiko. Mwambie ni tamu.


Kalkuta
25 Novemba 1986

Minu,

Baraka. Baridi imeanza, Latika amenivalisha kofia ya sufu inayoziba masikio, nafanana na yule sokwe wa kitabu cha sita.

Majibu: mlango uko kushoto. Kamba ya nguo ipo, imeanikwa shuka moja na soksi moja. Mwanamke ana miaka hamsini au zaidi na anaonekana kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Maswali yako yalinifanya nivae viatu. Mtu hawezi kuuliza juu ya kamba ya nguo ambayo mimi sikuitaja. Nikaenda kumtafuta mchoraji. Anaitwa Jatin Karmakar, anakaa nyuma ya soko la Kalighat. Nikabisha.

"Nani?"

"Jaji."

"Kama ni habari ya ule mfereji, si mimi niliyeuziba!"

"Si jaji wa mahakama, bwana. Jaji wa majalada."

Akafungua mlango nusu. Mwembamba, rangi ya buluu mpaka kwenye nyusi. Nikamwonyesha kitabu. Nikamwambia, "Nimesoma kurasa zote mia tatu na kumi na mbili. Niambie wewe, mwanamke huyu yuko ukurasa gani?"

"Wewe umekisoma hicho chote?" aliniuliza. "Pole sana, mzee. Ingia, unywe chai."

"Ina maana wewe hukukisoma?"

"Hata mstari. Picha hii niliichorea kitabu kingine. Miaka mitatu iliyopita Samaddar alinipa muswada, madaftari saba ya shule, mwandiko mdogo kama wa chungu. Nikausoma mara mbili. Mke wangu akausoma, akalia mpaka wali ukaungua. Kwao ni Faridpur, ng'ambo ya mpaka uliochorwa nchi ilipogawanywa, unaelewa. Kinahusu mama mmoja. Wanakuja askari wanamwambia kuanzia leo nchi hii si yako, ondoka. Anasema sawa. Anafunga pindo la sari kiunoni, anaibeba nyumba, anaondoka nayo. Anatembea mpaka anatoka duniani."

"Halafu?"

"Halafu Samaddar akabadili mawazo. Alisema hakuna mtu atakayenunua kitabu cha mama mtu mzima mwenye nyumba mgongoni. Ila picha ilimpendeza. Akaikalia miaka mitatu, mwaka huu akaibandika kwenye kitabu cha Talukdar."

"Mwandishi nani?"

"Sikuwahi kumwona. Kwenye daftari iliandikwa H. Guha, Koch Bihar. Bwana mmoja mwenye moyo mkubwa, huyo."

Nilikunywa chai yote ikiwa moto. Ulimi wangu mpaka leo hauna ladha.

Minu, wewe jina lako la shuleni ni Hemprabha. Uliolewa na marehemu Guha. Hapo Koch Bihar kuna akina H. Guha wangapi wanaoijua nguzo ya mpopoo ambayo baba aliisimamisha baada ya kimbunga, kwenye nyumba yetu ya Barishal, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mitano?

Anadi


Koch Bihar
10 Desemba 1986

Kaka,

Naigusa miguu yako.

Yuko mmoja tu.

Niliandika jikoni, wali ukichemka. Miaka minne. Nilianza baada ya mume wangu kufariki, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na mikono yangu ilikuwa imezoea kazi. Tukun alidhani ni hesabu za dobi. Nikampelekea Samaddar, na niliandika H. tu kwa sababu nilijua akiona Hemprabha atanijibu niandike kitabu cha mapishi. Hakunijibu kabisa. Nikasema basi, panya wamekula. Halafu barua yako ya Septemba ikanikuta nachambua dengu. Niliposoma "mgongoni amebeba nyumba" nilikaa chini, palepale sakafuni, Shefali akadhani nimepata kiharusi, akakimbia kumwita mwalimu wa kinanda. Sijui alitaka anipigie wimbo gani.

Kuna mtu kule Kalkuta alikisoma kitabu changu! Na sasa wewe unaniambia mkewe alilia! Ile habari ya kwanza nilikaa nayo wiki tano kama mtu aliyeficha embe chini ya kitanda. Ndiyo maana sikuandika. Usinikasirikie.

Unataka kujua kwa nini sikukuambia wewe. Nitakuambia, maana nimeshachoka kutokusema. Mwaka 1949, kwenye kile chumba kimoja cha Dum Dum tulichokaa watu tisa baada ya kukimbia kutoka Barishal, niliandika hadithi ya binti mfalme aliyeendesha mashua mpaka mwezini. Uliikuta chini ya mto wa kulalia. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kazi ya ramani. Ulinirudishia na wino mwekundu: "Umbali huu hauwezekani kwa siku mbili. Rudia." Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sikurudia. Na tangu siku hiyo sijakuonyesha hata orodha ya vitu vya dukani.

Sisemi ulikuwa mbaya. Ulikuwa unatulisha sote.

Sasa nisikilize. Usifanye kitu. Ukimpa Jatin alama, watasema jaji alikipendelea kitabu cha dada yake. Usipompa, utakuwa umemwonea mtu kwa sababu yangu. Usinitie kwenye midomo ya watu, kaka. Zungumza na yeyote kuhusu chochote, lakini si hilo.

Minu


Kalkuta
4 Januari 1987

Mdogo wangu,

Baraka za mwaka mpya. Barua yako nimeisoma, na Latika ameisoma.

Siikumbuki siku ile. Nimejaribu. Nakumbuka chumba, nakumbuka ndoo, nakumbuka ulivyokuwa unalala umekunja miguu kwa sababu miguu yangu ilikuwa inachukua nafasi. Wino mwekundu siukumbuki, lakini najua ni mimi; hakuna mwingine pale aliyekuwa na wino mwekundu. Nisamehe. Sijui kuandika zaidi ya hivyo.

Nimejiuzulu ujaji. Nilimwambia Pakrashi kwamba nina uhusiano na kitabu kimoja na sitasema kipi. Akasema, "Mzee, uhusiano na joka?" Wakabaki wawili. Siku hiyohiyo akaja mtu wa kiwanda cha uchapaji, kofia mkononi, kumwomba Profesa Lahiri radhi: lile jalada jeusi lilikuwa na picha ya ndege, mashine ikamwaga wino, na wao wakaona aibu kusema. Profesa alifumba macho. Baada ya muda akasema, "Hata hivyo." Basi yeye amebaki na weusi wake, Pakrashi na papa wake, hakuna aliyekubali kushuka. Ndipo wakatazama nani ni wa pili kwenye karatasi ya kila mmoja. Kwa wote wawili ni mwanamke mwenye nyumba. Mimi sikuwepo; niliambiwa na mhudumu wa chai. Jatin ameshinda.

La pili. Uliniambia nisifanye kitu, nami nimefanya kimoja. Nilikwenda kwa Samaddar kuomba madaftari. Akasema hayajui. Nikakaa. Siku ya pili nikaenda na kiti changu mwenyewe. Siku ya tatu Latika akaniletea chakula palepale mlangoni, na wateja wakaanza kuniuliza bei. Saa tisa alasiri madaftari yakaonekana: saba, yalikuwa yameinua mguu mfupi wa kabati la vikombe.

Nimesoma yote. Nilianza asubuhi, penseli iko sikioni, na nilipolifunga la saba ilikuwa bado iko sikioni. Mwanamke anapomwomba askari amsaidie kuinua kona ya nyuma kwa sababu paka amelala upande huo, Minu, nilicheka hadi jirani akapunguza redio. Na pale anapokataa kugeuka kutazama shimo ilipokuwa nyumba, nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye kona ya barabara.

Lakini daftari la saba linakwishia katikati. Amefika nchi ile ya miezi miwili, anatafuta pa kuiweka nyumba, halafu kurasa tupu. Daftari la nane liko wapi?

Anadi


Koch Bihar
17 Januari 1987

Kaka,

La nane halipo. Sikujua aiweke wapi. Nilimtembeza miaka minne, kila mahali nilipojaribu kuitua nyumba niliona haikai. Naomba tusilizungumze.

Asante kwa kukaa na kiti.

Minu


Kalkuta
9 Februari 1987

Minu, keti kwanza.

Jana ilikuwa siku ya zawadi. Hema kubwa uwanjani, vumbi mpaka kooni, watu kama mia tatu, nusu yao walikuja kukwepa jua. Latika alikuja kwa fimbo. Nilimwapisha njiani kwamba hatafungua mdomo. Mimi mwenyewe nilikaa mkono umeshika kidevu ili mdomo usifunguke.

Pakrashi akamtangaza Jatin Karmakar. Kabla Jatin hajafika jukwaani, Talukdar ameshapanda, shali begani, akashika kipaza sauti. Akasema amefurahi kwamba taifa limelielewa wazo lake. Kwamba mwanamke huyu ni Akili ya Chuma ya ulimwengu, na nyumba ile mgongoni ni tangi la mafuta.

Jatin alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa shati jipya, rangi bado iko kwenye nyusi. Akasema kwa upole, lakini kipaza sauti kilidaka: "Bwana Talukdar, hiyo ni nyumba. Ule moshi ni wa dengu."

Watu wakaangua kicheko. Talukdar akasema, "Dengu za nini kwenye Sayari ya Chuma?"

"Ndiyo nami nashangaa," Jatin akamjibu. Kisha akachukua kipaza sauti na kueleza yote: madaftari saba, kabati la vikombe ambalo mtaa wote wa vitabu umeshalisikia, kila kitu. Alisimulia hadithi yako kwa dakika kumi, Minu. Mzee mmoja karibu nami alikuwa anatikisa kichwa, anasema "Khulna, Khulna," jina la kwao. Jatin akamaliza: "Zawadi hii naipokea, lakini kitabu cha picha hii bado hakijazaliwa. Aliyekiandika ni Bwana H. Guha wa Koch Bihar, na popote alipo namwombea afya."

Hapo wifi yako, mwenye goti bovu, ambaye tangu Agosti hajapanda hata kizingiti bila kuugulia, alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Bwana gani!" alipiga kelele. "Ni wifi yangu! Ni mwanamke! Anaitwa Hemprabha!"

Sikuvunja ahadi yangu. Ila sikumshusha.

Samaddar alitoka kwa mlango wa nyuma, akarudi kwa mlango wa mbele, kwa sababu nje watu walikuwa wanamuuliza kitabu kinatoka lini. Leo asubuhi amekuja hapa kwetu na boksi la sandesh, zile peremende za maziwa. Nilimwambia sina mamlaka, aandike kwa mwenye kitabu. Sandesh tulizipokea.

Utanikasirikia, najua. Kasirika kwa barua, tafadhali, usinyamaze.

Kaka yako,
Anadi


Koch Bihar
22 Machi 1987

Kaka mpendwa,

Naigusa miguu yako, na goti la wifi nalibusu. Huku dol, sikukuu ya kurushiana rangi, imepita. Shefali bado ana rangi ya waridi shingoni, na ukuta wa jirani nao. Torsha umelala chini kabisa, mtu anaweza kuvuka bila kulowesha magoti.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu mwenye duka la dawa alinisimamisha barabarani akaniuliza, "Mama, huyo mwanamke hatimaye anaiweka wapi nyumba?" Alikuwa amesoma gazeti. Tangu hapo hawaniachi. Mwalimu wa kinanda, mtu wa posta, muuza mihogo, kila mtu ana ushauri. Tukun ndiye aliyechukua muda. Alikuja jikoni, akasimama, akasema, "Kumbe hazikuwa hesabu za dobi." Akakaa akamenya vitunguu vyote, hata vya kesho.

Samaddar ameandika mara mbili. Barua ya kwanza alianza "Mama mpendwa," ya pili "Mwandishi mheshimiwa." Nimemkubalia kwa masharti: jina langu kamili, herufi zote, na Jatin achore jalada jipya, maana lile lingine limeshaolewa na Talukdar. Jatin amejibu kwamba atachora sura ya mwisho au hachori kitu. Basi ikanibidi.

Nimeiandika kwa siku kumi na moja. Nakutumia daftari la nane kwa kifurushi, ulisome kabla ya Samaddar. Ukiona kosa, liandike. Lakini kwa wino wa buluu.

Nitakuambia tu inavyokwisha, kwa sababu najua posta itachukua muda kukuletea kifurushi. Anafika uwanda mpana, amechoka mpaka hajui kama amechoka. Anaitua nyumba taratibu, paka anatoka, moshi unanyooka. Anakaa kwenye ngazi yake mwenyewe. Hapo anatokea mwanamke mwingine, jembe begani, anakuja mbio anafoka: "We mama! Huna macho? Umeitua nyumba yako juu ya manjano yangu! Nimeyapanda juzi tu!"

Yule wetu anainuka, anafunga tena pindo kiunoni, anainama aibebe.

Mwenye shamba anamtazama mgongo. Anaweka jembe chini.

"Kwanza wewe," anasema, "umekula?"

Minu